Kusimama kwa Mikono: Tuliyojifunza Ihanda

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala juu ya ufundishaji wa Hisabati, Kiswahili na Sayansi, na pengine juu ya utungaji wa mitihani. Tunawaomba radhi kwa kuwatoa darasani na kuwapeleka uwanjani. Jambo tunalokusudia kulieleza ni la elimu ya viungo, tena ni zoezi moja tu miongoni mwa mengi: kusimama kwa mikono, miguu ikiwa juu na kichwa chini. Tumelichagua kwa sababu kwa ajili ya zoezi hilo tulitoa hukumu isiyo ya haki juu ya mwanachuo wetu, na hukumu hiyo imo katika kumbukumbu za chuo hata leo.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tulipangiwa kuwatembelea wanachuo waliokuwa Ihanda, kata ya Wilaya ya Mbozi iliyoko kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Mwenye kuujua mwezi wa Julai katika nchi ya Wanyiha anaijua baridi yake. Asubuhi watoto hufika shuleni wamejikunyata, mikono imefichwa ndani ya masweta, na malori yaendayo mpakani hupita yakiwa bado yamewasha taa. Katika asubuhi ya namna hiyo mwanachuo mmoja, kijana mwenye mwili mwepesi, alisimama uwanjani mbele ya darasa la tano na andalio lake la somo mkononi. Mada ilikuwa kusimama kwa mikono.

Yatupasa kukiri kwamba utangulizi wake ulitupendeza. Baada ya kuwapasha watoto joto kwa mbio na kurukaruka, aliinama, akaweka viganja chini, akainua miguu na kusimama wima kama nguzo. Kisha akatembea kwa mikono hatua 10 au zaidi kuelekea mlingoti wa bendera. Watoto walishangilia. Walimu wawili walitoka ofisini kutazama. Lakini baada ya hapo aliwapanga watoto wote 58 katika mstari mmoja, akawaambia wajaribu mmoja mmoja.

Kipindi kilikuwa cha dakika 40. Kwa saa yetu zilikuwa zimebaki 25, yaani kila mtoto alikuwa na chini ya nusu dakika ya kujaribu, na muda mwingine wote ulikuwa wa kusubiri na kutetemeka. Wavulana wawili, ambao bila shaka waliujua mchezo huu tangu nyumbani, walifaulu. Wengi waliinua miguu kidogo, ikarudi chini. Binti mmoja mrefu, zamu yake ilipofika, alishika pindo la sketi yake, akatikisa kichwa, akaenda kusimama nyuma ya wenzake bila kusema neno. Hakuna aliyemwuliza sababu, na sisi pia hatukuuliza. Walipofika kama 20 hivi, mvulana mmoja alirusha miguu kwa nguvu zake zote, ikapita upande wa pili, naye akaanguka chali. Kwa muda hakuweza kuvuta pumzi. Alipoipata alilia. Hakuwa na jeraha lolote, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kulisimamisha somo.

Katika fomu ya tathmini tuliandika kwamba zoezi lilikuwa la hatari na halikufaa umri wa watoto wale, tukatoa alama ya chini. Jioni mwanachuo alitufuata tulikofikia. Alitusalimu kwa adabu, akaketi, akasema: "Mkufunzi, naomba kueleweshwa. Kosa ni la zoezi, au ni la jinsi nilivyolifundisha?"

Tulimjibu kwamba ni yote mawili. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kwenda kulala.

Ukweli ni kwamba hatukuwa na ujuzi wa kulihukumu zoezi lile. Tulikuwa na hofu nalo tu. Tulipokuwa darasa la sita, katika shule ambayo hatuna haja ya kuitaja, mwalimu alitupanga mstari vivyo hivyo, naye alikuwa na fimbo. Asiyeinua miguu alichapwa. Tuliinua miguu kwa kuiogopa fimbo, tukaanguka chali juu ya ardhi kavu, na tangu siku hiyo hatukuthubutu tena kuweka kichwa chini na miguu juu. Tulisomea ualimu, tukapata cheti, tukafundisha, tukasoma stashahada, tukawa wakufunzi. Na katika miaka yote hiyo, kila zoezi hilo lilipotukabili katika somo la Haiba na Michezo, tuliliruka au tulimwachia mwalimu mwenzetu. Si ajabu basi kwamba tulipomwona mtoto wa Ihanda amelala chali tulijiona sisi wenyewe. Tofauti ni kwamba mwanachuo wetu hakuwa na fimbo mkononi, na alama ya chini aliipata yeye.

Tuliporudi chuoni swali lake halikutuacha. Tuliamua kujifunza zoezi lenyewe kwa mwili wetu, tukiwa na umri wa miaka 36 na uzito wa kilo 81. Hatukuwa na nia ya kutembea kwa mikono mbele ya watu. Tulitaka tuweze kumjibu.

Kwanza tulisoma. Hapo awali tulidhani jambo hili ni la utundu wa watoto, ule ambao Kiswahili huuita kichwangomba. Tulikuta kwamba lina historia ndefu kuliko tulivyodhani. Mwaka 1811 mwalimu Mjerumani, Friedrich Ludwig Jahn, alifungua uwanja wa mazoezi ya viungo huko Hasenheide, Berlin, wenye vifaa vya kupandia na kuning'inia, na kutokana na harakati yake mazoezi ya namna hii yakaenea katika shule za Ulaya. Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, iliyofanyika Athens mwaka 1896, ilikuwa na mashindano ya jimnastiki. Siku hizi waamuzi wa jimnastiki humtaka mchezaji anayesimama kwa mikono, zoezi linapokuwa la kutulia, akae bila kutikisika kwa sekunde 2. Sekunde 2 tu! Habari hiyo ilitutia moyo kuliko nyingine zote.

Hapa kwetu nako, katika miaka ya 1960 Serikali iliwapeleka vijana wa Kitanzania nchini China kujifunza sarakasi, nao waliporejea wakawa msingi wa kikundi cha sarakasi cha Taifa. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, sarakasi iliingia humo pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Kwa hiyo vijana wanaopinduka barabarani katika miji yetu ili wapewe sarafu wana ukoo katika sanaa ya Taifa, ijapokuwa pengine wao wenyewe hawajapata kuambiwa hivyo. Mwanachuo wetu, kama tulivyokuja kufahamu baadaye, alikuwa amejifunza kwa vijana wa aina hiyo.

Kisha tulianza. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya chuo ndio uliokuwa mwalimu, na saa ya kujifunza ilikuwa magharibi, wakati majirani wako ndani. Hilo la majirani halikufaulu. Siku ya tatu mkufunzi mwenzetu alipita na ndoo ya maji, akasimama, akauliza kwa sauti ya upole kama tuna shida yoyote ya kifamilia.

Kosa letu la kwanza lilikuwa lile lile la watoto wa Ihanda: tulitaka kuirusha miguu. Mwili wenye hofu hauirushi miguu. Huirusha nusu na kuizuia nusu, na matokeo yake ni kuanguka ovyo. Tulipoteza siku sita kwa njia hiyo. Ndipo tulipogeuka, tukaupa ukuta mgongo, tukaweka mikono chini na kuanza kuupanda ukuta kwa miguu kinyumenyume, hatua moja moja, tumbo likielekea ukutani. Siku ya kwanza miguu ilifika kimo cha meza. Tulikaa hapo kwa kuhesabu 5, tukashuka. Hapakuwa na la kutisha, maana tulikuwa tumepanda kwa hiari na tulijua njia ya kurudi. Baada ya wiki mbili miguu ilifika kimo cha dirisha. Baada ya wiki sita tuliweza kusimama karibu wima, vidole vya miguu vikiugusa ukuta, kwa sekunde 30.

Katika wiki ya tatu vifundo vya mikono viliuma, ikatubidi tupumzike siku nne. Maumivu hayo yalitufundisha jambo ambalo mwalimu wa watoto hana budi kulijua. Mtoto wa kilo 30 anaposimama kwa mikono, kila mkono hubeba kiasi cha kilo 15, na mkono haukuzoea kazi ya mguu. Tena mifupa ya mtoto karibu na kifundo ina sehemu laini ambazo bado zinakua, na mzigo wa kurudiwarudiwa bila mapumziko waweza kuzidhuru. Yafaa basi mazoezi yawe mafupi, ya mara chache katika wiki, na mikono inyooshwe na kupashwa joto kwanza. Kwa walimu watu wazima, mwenye presha ya damu, mwenye ugonjwa wa macho wa aina ya glakoma, au mama mjamzito asilijaribu zoezi hili, kwa sababu kichwa kinapokuwa chini shinikizo ndani ya macho na katika mishipa ya kichwa huongezeka. Huyo anaweza kulifundisha bila kulifanya, kama tutakavyoona.

Jambo lililotushangaza zaidi lilikuwa kazi ya vidole. Tulidhani kusimama kwa mikono ni suala la nguvu za mabega. Mabega yana kazi yake, ndiyo: ni lazima yasukume ardhi mpaka yakaribie masikio, na mtu asiyesukuma huzama katikati ya mikono yake kama gunia lililofunguliwa. Lakini kinachomzuia mtu asianguke ni vidole. Tazama jinsi mtu anavyosimama kwa miguu: mbele ana vidole na unyayo mrefu, nyuma ana kisigino kifupi. Akiegemea mbele kidogo, vidole hubana ardhi na kumrudisha. Kiganja ni hivyo hivyo. Uzito ukienda upande wa vidole, vidole vikibana huurudisha. Lakini ukienda upande wa kifundo hakuna cha kubana, kwa kuwa huko kiganja kimekwisha, na miguu hurudi chini. Kwa sababu hiyo mtu anayetaka kutulia huacha uzito uegemee kidogo upande wa vidole, akavitanua, akawa anabana na kulegeza, kubana na kulegeza, bila kukoma. Anayemtazama kwa mbali huona ametulia. Yeye mwenyewe yumo kazini.

Mwanetu wa miaka 7, aliyekuwa akitutazama mlangoni, alijiunga nasi katika wiki ya nne na kutupita katika wiki ya sita. Hatukuwa na la kumfundisha ila kumwambia abane vidole.

Ilituchukua miezi minne kusimama bila ukuta kwa kuhesabu 3. Kilichotuwezesha hatimaye hakikuwa zoezi la kusimama, kilikuwa zoezi la kuanguka. Kuna njia mbili za kushuka salama. Ya kwanza ni kurudi ulikotoka, mguu mmoja ukitangulia. Ya pili ni ya yule ambaye miguu yake imepita upande wa pili, kama mvulana wa Ihanda: husogeza mkono mmoja mbele hatua moja, kiuno hugeuka, na miguu hushukia ubavuni badala ya mgongoni. Njia hii ya pili ndiyo iondoayo hofu. Tulipoimudu, ikawa kama tumekabidhiwa ufunguo. Tuliweza kuirusha miguu yote, bila kuizuia nusu, kwa kuwa tulijua tutashukia wapi. Mwanachuo wetu alikuwa anaijua njia hiyo, na ndiyo maana hakuwa na hofu. Lakini aliijua tangu utotoni kiasi kwamba hakukumbuka kuwa kuna wakati hakuijua. Aliwafundisha watoto kupanda, akasahau kuwafundisha kushuka.

Hapo ndipo tulipolipata jibu la swali lake, miezi minane baada ya kuulizwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, tuliomba kupangiwa Ihanda tena, tukapeleka wanachuo wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Mwalimu Mkuu alitupokea vizuri mpaka alipoiona mada. Alikumbuka kisa cha mwaka uliotangulia. Alituambia wazi kwamba mtoto akivunjika mkono, sisi tutakuwa tumekwisha kurudi chuoni na yeye ndiye atakayeketi mbele ya wazazi. Tuliona ana haki. Tulikubaliana kwamba atakaa uwanjani kipindi chote na atakuwa na uhuru wa kusimamisha somo wakati wowote.

Siku iliyotangulia, mwanachuo wa kike alizungumza na wasichana peke yao, pamoja na mwalimu mmoja wa kike wa shule. Aliwaambia waje wamevaa bukta au suruali ndani ya sketi, na ambaye hana asione haya, kutakuwa na kazi ya kumfaa. Jambo hili lilichukua dakika 10. Tulipokuwa tukimsikiliza tukiwa mbali kidogo tulijiuliza ni wasichana wangapi katika shule zetu wamepitwa na elimu ya viungo kwa kukosa dakika 10 za namna hiyo.

Tena hatukupanga mstari. Tuligawa uwanja katika sehemu nne, na kila mtoto akaambiwa aanzie sehemu ya kwanza, ahamie nyingine atakapojiona yuko tayari, na arudi nyuma akitaka. Katika sehemu ya kwanza palikuwa na matuta madogo tuliyoyachimba kwa jembe, kama matuta ya viazi. Mtoto huinama, huweka mikono juu ya tuta, huiruka miguu kutoka upande mmoja wa tuta hadi wa pili. Ni mchezo, na kila mmoja aliuweza. Lakini mtazame vizuri, huko ndiko kushuka kwa ubavu kwenyewe, ila kwa kimo cha goti. Sehemu ya pili ilikuwa ya kuweka miguu juu ya benchi na mikono chini, mwili umekazwa. Ya tatu ilikuwa ukuta wa darasa, wa kupanda kinyumenyume. Ya nne ilikuwa ya kurusha miguu, na huko walisimama wanachuo wawili, mmoja kila upande, wakimshika mtoto pajani. Hawakusimama mbele wala nyuma yake, kwa sababu teke la mtoto anayeinuka laweza kung'oa jino.

Wale wavulana wawili hodari, ambao sasa walikuwa darasa la sita, walikwenda moja kwa moja sehemu ya nne, wakakaa huko kwa raha zao. Tulipowaomba waonyeshe namna ya kushuka kwa ubavu, mmoja hakuijua! Alikuwa na bahati tu siku zote. Alirudi kwenye matuta, na kwa kuwa yeye alirudi, wengine wengi hawakuona aibu kukaa huko.

Siku ile ile ya kwanza, alasiri, alikuja mzee mmoja mwenye shamba la kahawa jirani na shule. Baada ya shikamoo na marahaba alituuliza kama Serikali imetutuma kuwafundisha watoto elimu au sarakasi. Tulimweleza kadiri tulivyoweza, tukitumia maneno ya mtaala, naye alisikiliza kama asikilizavyo mtu ambaye haamini. Kisha alikwenda mwenyewe kuwatazama watoto waliobaki wakicheza kwenye matuta. Aliporudi alikuwa anacheka. Alisema kwamba wao utotoni walikuwa wakifanya hivyo juu ya chungu za maganda, baada ya maharage kupurwa, kwa sababu hapo mtu haumii. Akashangaa kwamba watu waliosoma wameacha maganda yote ya kijiji na kuwaangushia watoto kwenye ardhi ngumu. Kesho yake vijana wake walileta viroba sita vilivyojazwa maganda makavu ya maharage na kushonwa midomo. Tulivitandaza kwenye sehemu ya tatu na ya nne. Katika miaka yote ya kufundisha mbinu za kufaragua zana kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira, hatujapata kupewa somo zuri kama hilo, na hatukuliandika sisi katika andalio.

Binti mrefu aliyeshika sketi mwaka uliotangulia alikuwapo. Siku ya kwanza hakutoka kwenye matuta. Siku ya pili alikwenda kwenye benchi. Siku ya tatu alimwendea mwanachuo wa kike akamwambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, naomba nisirushe miguu. Naomba nipande tu ukutani." Alikubaliwa. Alipanda hadi kimo cha dirisha, lakini mgongo ulikuwa umepinda kama upinde na mikono ikatetemeka. Sisi tulijaribu kumsaidia. Tulimweleza habari za uti wa mgongo, misuli ya tumbo na mahali pa kiuno, na kadiri tulivyoeleza ndivyo alivyozidi kupinda. Mwanachuo wa kike alingoja tumalize, kisha akamwambia: "Simama kama umebeba ndoo ya maji, usiimwage." Mgongo ulinyooka palepale. Alikaa hivyo, wenzake wakihesabu kwa pamoja hadi 20, akashuka hatua kwa hatua bila haraka, akakung'uta mikono yake, akapanda tena.

Hakufika sehemu ya nne katika wiki zote tatu, wala hatukumhimiza. Lakini tuliona kwamba kwenye ukuta watoto waoga walikuwa wakingoja zamu yao karibu naye, na kwamba alikuwa akiwaambia habari za ndoo.

Mtu aliyeanguka vibaya alikuwa mmoja tu, nasi tunaona haya kusema ni nani. Watoto walikuwa wametuomba tuonyeshe, Mwalimu Mkuu akaongeza ombi lake, na katika kukimbilia sifa tulirusha miguu kabla ya kutanua vidole. Viroba vya mzee vilitupokea. Darasa lote lilicheka hadi likachoka, na baada ya hapo hata watoto waliokuwa bado wamesimama pembeni walikuja kujaribu.

Linabaki suala la alama. Tuliporejea chuoni tuliandika barua tukaomba tathmini ya mwanachuo wa kwanza ipitiwe upya, tukaeleza kosa letu bila kuficha. Tulijibiwa kwamba matokeo ya mwaka ule yamekwisha kupelekwa na hayawezi kubadilishwa. Kwa bahati alama za masomo yake mengine zilikuwa nzuri, akafaulu, na sasa anafundisha katika wilaya nyingine. Tulimwandikia. Tulimwambia kwamba zoezi halikuwa na kosa, kwamba katika ufundishaji wake palikosekana mambo mawili, la kushuka na la mstari, na kwamba kosa la tatu, la kumhukumu kwa hofu yetu, lilikuwa letu. Alijibu baada ya siku mbili kwa maneno machache. Alishukuru, akasema ana darasa la watoto 74 na ukuta mmoja tu usio na madirisha, akauliza matuta yanatakiwa yawe na kimo gani.

Tulimjibu kwamba yawe ya kimo cha shubiri moja, na yasiwe na mawe.

Siku ya kuaga Ihanda, Mwalimu Mkuu alituita nje ya lile darasa lenye ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa umepakwa chokaa mwanzoni mwa mwaka. Sasa ulikuwa umejaa alama za nyayo za udongo mwekundu, nyingi zikiwa chini kwenye kimo cha goti, nyingine kwenye dirisha, na chache juu kabisa karibu na paa. Alizitazama kwa muda mrefu bila kutuambia kama anafurahi au anakasirika. Kisha alituuliza kama chuo chetu kina fungu la chokaa. Tulimjibu kwamba hakina. Tulinunua mfuko mmoja kwa fedha zetu, tukamkabidhi kabla ya kupanda basi, naye akatuandikia stakabadhi.